Portland ilivyoandika upya katiba ya jiji, na kura zilizokosekana mashariki

Katiba ya jiji la Portland, jimbo la Oregon, ina kifungu kimoja ambacho nimekisoma mara nyingi kuliko vingine vyote. Kinalitaka baraza la jiji liite tume ya wananchi 20, angalau mara moja kila miaka kumi, waipekue katiba yote na waseme nini kibadilishwe. Wajumbe 15 kati ya hao 20 wakikubaliana juu ya pendekezo, pendekezo hilo linakwenda moja kwa moja kwenye karatasi ya kura. Meya hawezi kulizuia, na madiwani hawawezi kulipunguza hata neno. Wakazi ndio wanaoamua, ndiyo au hapana.

Mtu aliyekulia hapa anaweza kukipita kifungu hicho bila kushtuka. Mimi ni mtoto wa Dar es Salaam, na kilinisimamisha. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa Tanzania Bara nzima kwa mpango wa madaraka mikoani, na mabaraza ya miji yakarudi 1978. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja baraza la jiji la Dar es Salaam, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja hadi mwaka 2000. Tarehe 24 Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja Halmashauri ya Jiji, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Sisemi kila uamuzi ule ulikuwa mbaya. Wako wengi wanaoikumbuka Tume ya Keenja kwa jinsi ilivyozoa taka na kuupa mji sura. Ninachosema ni kwamba mkazi wa Tandale au Mbagala hakuulizwa hata mara moja. Kenya nako, Nakuru ilipopata hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, hati hiyo ilitoka mkononi mwa Rais Kenyatta, na watu wakashangilia kuipokea. Hakuna mahali katika utaratibu ule ambapo mkazi wa Nakuru anapiga kura kuibadilisha.

Kwa hiyo ninapoandika kuhusu Portland, naandika kama mtu anayetazama kitu ambacho nyumbani hakijawahi kuwapo. Nakitazama kwa heshima, na kwa wasiwasi pia.

Haki hii haikushuka tu kutoka mbinguni. Kwa muda mrefu mahakama za Marekani zilishikilia kwamba mji ni kiumbe cha jimbo: jimbo limeuumba, jimbo linaweza kuubadili au kuufuta. Missouri ndiyo iliyoanza kulegeza kamba, katika katiba yake ya jimbo ya 1875, ikauruhusu mji wa St. Louis ujiandikie katiba yake. Oregon ikaja baadaye lakini ikaenda mbali zaidi. Mwaka 1902 wapiga kura wa jimbo walijipa haki ya kupendekeza sheria wenyewe kwa kukusanya saini, na haki ya kuzipinga sheria za bunge kwenye sanduku la kura. Mwaka 1906 wakaongeza jingine: wapiga kura wa kila mji wana mamlaka ya kutunga na kurekebisha katiba ya mji wao, ilimradi haivunji katiba ya jimbo wala sheria za jinai. Tangu hapo, Portland haijalazimika kupiga magoti mbele ya bunge la jimbo kila inapotaka kubadili namna ya kujiendesha.

Na ilitumia haki hiyo upesi. Mwaka 1913 wapiga kura walipitisha katiba iliyoleta serikali ya makamishna, mtindo uliokuwa umeenea Marekani wakati huo kama moto wa kiangazi. Chimbuko lake ni Galveston, Texas. Kimbunga cha Septemba 1900 kiliupiga mji ule na kuua maelfu ya watu, na baraza la mji likashindwa kazi. Wakubwa wa pale wakaamua: tuweke watu wachache, kila mmoja akabidhiwe idara, wajenge mji upya. Mji ukasimama, na mamia ya miji mingine ikaiga.

Kwa Portland maana yake ilikuwa hii. Kulikuwa na meya mmoja na makamishna wanne, na wote watano walichaguliwa na jiji zima. Watano hao ndio waliotunga sheria za jiji, na hao hao ndio waliosimamia idara. Meya aligawa idara kama alivyoona inafaa, na aliweza kuzinyang'anya siku yoyote. Mtu aliyeshinda uchaguzi kwa kuzungumzia makazi angeweza kuamka kesho ndiye bosi wa barabara, au wa maji, au wa zimamoto. Akishapewa, anaitetea idara yake kwenye bajeti dhidi ya wenzake. Maji yako kwa huyu, mifereji ya majitaka kwa yule, barabara inayofukuliwa ili kupitisha mabomba kwa mwingine kabisa. Mkazi mwenye shida inayogusa idara tatu alikuwa na kamishna watatu wa kuwabembeleza, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwambia, "Mimi ndiye diwani wako."

Hapo ndipo pananigusa zaidi, kwa sababu naishi mashariki.

Anayeijua Portland kwa picha anajua mito, madaraja, baiskeli na maduka ya kahawa. Vuka 82nd Avenue uelekee mashariki, halafu vuka barabara kuu ya I-205, na jiji linabadilika. Sehemu kubwa ya huku haikuwa Portland hadi miaka ya 1980 na 1990. Ilikuwa ardhi ya kaunti, nyumba zikitumia mashimo ya maji machafu, hadi jimbo lilipoamuru zijengwe njia za majitaka; jiji likazijenga na likaimeza ardhi. Watu wakaanza kulipa kodi za jiji. Njia za waenda kwa miguu hazikuja kwa kasi hiyo hiyo. Hadi leo ziko barabara ambazo mama mwenye mtoto mgongoni anatembea kwenye kokoto pembeni ya magari, na ziko za udongo mtupu ambazo mvua za Novemba zikianza zinageuka madimbwi. Kodi ya nyumba ilikuwa nafuu huku, kwa hiyo huku ndiko walikofikia wakimbizi na wahamiaji: Warusi na Waukraine, Wavietnam, Wasomali, Wakongo, Wabhutani. Kiswahili utakisikia dukani, kwenye basi la 122nd Avenue, na kwenye ibada za Jumapili.

Sasa weka watu hawa katika uchaguzi wa jiji zima. Portland ilikuwa na watu 652,503 katika sensa ya 2020. Anayetaka ukamishna alipaswa kuwafikia wote, na hiyo ni fedha, muda, na majina makubwa ya kukushika mkono. Walioshinda walitoka upande wa magharibi na mitaa ya karibu na katikati. Kwa zaidi ya miaka mia, makamishna waliokuwa wakiishi mashariki ya mbali unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mtu mweusi wa kwanza kukaa kwenye baraza lile, Charles Jordan, aliingia 1974. Mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa, Jo Ann Hardesty, alichaguliwa 2018. Nafasi nyingi ziliamuliwa Mei, katika duru ya kwanza, wakati wapiga kura wengi hawajaamka. Aliyevuka nusu alikuwa amemaliza kazi, na Novemba, watu wanapojitokeza, hakuna kilichobaki cha kuamua.

Walijaribu kuubadili mtindo huu mara nyingi. Wapiga kura waliukataa mpango mbadala 1966, wakaukataa tena 2002, na Mei 2007 wakaubwaga kwa kishindo. Lakini siku ile ile ya Mei 2007, kwenye karatasi ile ile, walikubali pendekezo jingine ambalo halikupigiwa kelele: kile kifungu cha tume ya wananchi 20. Watu waliokataa mabadiliko walikubali kwamba swali liulizwe tena, na liulizwe na wananchi wenzao badala ya wanasiasa. Kwangu mimi hili ndilo tukio kubwa kuliko kura ya 2022 iliyobadili mfumo, ambayo kila mtu anaitaja, maana bila hilo tume ya 2020 isingekuwapo.

Tume hiyo ilianza kazi mwishoni mwa 2020, katikati ya korona. Vikao vingi vilikuwa vya mtandaoni. Wajumbe walikuwa watu wa kawaida wenye kazi zao, hawalipwi mshahara wa kazi hiyo, na kwa mwaka mmoja na nusu walisikiliza watu wakilalamika, wakasoma mifumo ya miji mingine, wakabishana. Juni 2022 walipiga kura: 17 walikubali, 3 walikataa. Kizingiti cha 15 kilivukwa, na pendekezo likapata namba yake ya karatasi ya kura, 26-228.

Lilikuwa zito. Makamishna waondoke kwenye kuendesha idara. Idara ziongozwe na mkurugenzi wa jiji, chini ya meya aliyechaguliwa na jiji zima. Baraza lipanuke kutoka watu watano hadi madiwani 12. Jiji ligawanywe wilaya nne, kila wilaya madiwani watatu. Duru ya Mei ifutwe, uchaguzi uwe Novemba tu, na mpiga kura awapange wagombea kwa nafasi: wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kuendelea.

Upinzani ulikuja kwa nguvu, na haukuwa wa kijinga. Chama cha wafanyabiashara wakubwa wa jiji kilikwenda mahakamani kikisema mambo mengi mno yamefungwa katika furushi moja, na jaji hakukubali kulifungua. Kamishna Mingus Mapps, ambaye mwenyewe alitaka mageuzi, alisema haya siyo. Wengine walisema hakuna jiji kubwa la Marekani linalochagua madiwani watatu wa wilaya moja kwa namna hii, kwa nini sisi tuwe wa kujaribiwa? Na wakauliza: meya asiye na kura ya turufu dhidi ya baraza atakuwa na nguvu gani? Hoja ya furushi ndiyo iliyonisumbua. Mpiga kura anayependa wilaya lakini haelewi upangaji wa kura alikuwa na kisanduku kimoja tu cha kutia wino. Hata hivyo nilipiga ndiyo, kwa sababu vipande vile vilishikana. Madiwani watatu kwa wilaya bila upangaji wa kura wangekuwa wa kundi moja kila mara: wenye asilimia 51 wanachukua viti vyote vitatu na wengine wanaambulia patupu. Novemba 2022 pendekezo lilipita kwa takriban asilimia 58.

Naomba nitoke Portland kidogo, kwa sababu kuna historia ambayo wapenzi wa mageuzi haya hawapendi kuikumbuka. New York ilipitisha kura za namna hii, pamoja na katiba mpya ya jiji, katika uchaguzi wa 1936. Baraza likabadilika sura. Mwaka 1941 Adam Clayton Powell Jr. wa Harlem akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwenye baraza la jiji lile. Wakaingia pia wakomunisti wawili, Peter Cacchione wa Brooklyn mwaka huo huo, na Benjamin Davis wa Harlem, naye mtu mweusi, mwaka 1943. Vita baridi ilipoanza, wakubwa wa vyama wakapata fimbo waliyokuwa wakiitafuta. Mwaka 1947 mfumo ukarudishwa kwa wapiga kura, wakaufuta. Cincinnati walikuwa na kura hizi tangu miaka ya 1920, wakazifuta 1957, na kampeni ya kuzifuta ilichochea hofu kwamba Theodore Berry, diwani mweusi, angekuwa meya. Ni Cambridge, Massachusetts, pekee iliyoshikilia bila kuachia tangu miaka ya 1940.

Kwa hiyo kura ya katiba inafungua mlango kwa wanyonge, na kura ile ile inaweza kuufunga wakishaingia. Ninapowasikia wenzangu wakisema "tumeshashinda", naikumbuka Cincinnati.

Utekelezaji ulikuwa kazi ya miaka miwili. Tume nyingine huru, ya watu 13, ilichora mipaka ya wilaya na kumaliza 2023. Wilaya ya 1 ni sisi, mashariki. Kwa mara ya kwanza mipaka ya jiji ilisema kwamba huku kuna watu wanaostahili madiwani watatu wa kwao, sawasawa na katikati ya mji.

Oktoba 2024 karatasi za kura zilifika. Oregon hupiga kura kwa posta. Bahasha inaletwa nyumbani pamoja na kijitabu cha maelezo ya wagombea, unajaza mezani kwako, unatia saini nje ya bahasha, unairudisha. Jirani yangu, mama mtu mzima wa Uvira aliyeapa uraia si muda mrefu kabla ya hapo, alikuja na yake mkononi. "Kaka, mimi nimepiga kura Kongo," alisema. "Nilitia alama moja. Hii ni nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ubavuni kulikuwa na majina 16 ya wagombea wa baraza katika wilaya yetu. Juu kulikuwa na safu sita za namba. Kwenye kila makutano kulikuwa na kiduara cha kutia wino. Kisha mbio za umeya, majina 19, na viduara vingine kwa utaratibu ule ule. Karatasi ilionekana kama nyavu.

Tulianza na viti vitatu. Nikamwambia, mama, chukulia wilaya nzima imepiga kura 40,000. Wa kuchaguliwa ni watatu. Anayetakiwa kushinda anahitaji zaidi ya robo, yaani kura 10,001, kwa sababu watu wanne hawawezi wote kuzifikisha idadi hiyo. Mgombea akipata 12,000, ana kura 1,999 za ziada. Hizo haziachwi zipotee. Kila karatasi iliyomchagua inahamia kwa mtu wa pili aliyeandikwa, lakini kwa uzito mdogo, takriban sehemu moja ya sita. Asipopatikana mwingine wa kuvuka, aliye mkiani anatolewa, na karatasi zake zinahamia nzima nzima kwa chaguo linalofuata. Wanaendelea hivyo mpaka viti vitatu vijae.

Alinyamaza akifikiri. Kisha akauliza swali ambalo sijalisikia kwenye mdahalo wowote: "Nikimweka wa pili mtu ambaye simpendi sana, nimemuumiza wa kwanza wangu?" Hapana, mama. Wa pili haguswi mpaka wa kwanza awe ameshinda au ametolewa. "Na nisipojaza wote sita?" Jaza unaowaamini tu. Alijaza wawili, kwa wino mweusi, taratibu, kila kiduara akikizungusha mpaka kikajaa. Mmoja alimjua kwa sababu alifika kwenye kanisa lao. Wa pili alimchagua kutoka kwenye kijitabu, baada ya mimi kumsomea maelezo ya wagombea wote 16 kwa Kiswahili, na hiyo ilichukua sehemu kubwa ya jioni.

Jioni ile ndiyo inayonifanya niandike makala hii. Yeye alikuwa na jirani. Ni wangapi hawakuwa naye?

Matokeo yalipotoka, Keith Wilson, mwenye kampuni ya malori ambaye hakuwahi kushika wadhifa wa kuchaguliwa, akawa meya. Wilaya yetu ikapata Candace Avalos, Loretta Smith na Jamie Dunphy. Avalos alikuwa mmoja wa wajumbe wa tume ile iliyoandika mageuzi. Baraza la madiwani 12 likaanza kazi Januari 2025 likiwa na vijana, wapangaji, watu wa rangi mbalimbali, na watu ambao katika mfumo wa zamani wasingefika hata duru ya pili. Nilifurahi, na bado nina furaha hiyo.

Lakini namba nyingine zilikuwepo chini ya furaha. Katika jiji zima, karibu mtu mmoja kati ya watano waliorudisha karatasi aliacha sehemu ya baraza tupu. Na Wilaya ya 1, ile ile ambayo kila mtu aliitaja alipokuwa akiyatetea mageuzi haya, ndiyo iliyokuwa na mahudhurio madogo kuliko zote. Tulipewa madiwani watatu kama wengine, na tukawachagua kwa kura chache kuliko wengine.

Wapo wanaosema hii inathibitisha kwamba watu wa mashariki hawajali. Nakataa. Mtu anayefanya kazi ghala za uwanja wa ndege usiku na kulea watoto mchana, akapewa majina 35 na safu sita kwa lugha isiyo yake, akiacha sehemu hiyo tupu hajaonyesha kwamba hajali. Ameonyesha kwamba jiji lilimletea karatasi na halikumletea mtu wa kukaa naye. Katiba inaweza kubadilishwa kwa kura ya siku moja. Watu kuizoea kunahitaji misimu kadhaa ya kuelezwa, mlango kwa mlango, kwa Kiswahili, Kisomali, Kivietnam, na kuelezwa mapema, kabla bahasha haijafika.

Na mfumo wenyewe una tundu ambalo tayari limeonekana. Madiwani ni 12, namba shufwa. Kikao cha kwanza kabisa, Januari 2025, kilikwama sita kwa sita katika kumchagua rais wa baraza, na kura ikarudiwa mpaka raundi ya tisa ndipo Elana Pirtle-Guiney akapata. Meya anaweza kuvunja sare katika baadhi ya mambo, ila hilo la kuchagua kiongozi wa baraza lilibaki kwao wenyewe. Walioandika katiba walitaka wilaya zilingane, na hesabu ya nne kwa tatu ikatoa 12. Naielewa hesabu. Bado nadhani wangeandika namna ya kutoka kwenye sare, kuliko kuliacha jiji lisubiri mtu mmoja achoke.

Tume ijayo inapaswa kuitwa karibu mwaka 2030. Itakuwa na watu 20, na hakuna sharti la kuwa mwanasheria wala la kuzungumza Kiingereza bila lafudhi. Baraza hupokea maombi na kuteua. Ombi langu kwa Waswahili wa Portland ni kwamba fomu hizo zikitoka, angalau watano wetu wazijaze. Waliozoea kusuluhisha mambo ya vyama vya kufa na kuzikana, ya upatu, ya kamati za msikiti na kanisa, wana uzoefu wa kutosha wa kukaa na katiba mezani na kuuliza kifungu hiki kinamsaidia nani. Yule mama wa Uvira nimeshamwambia. Alinijibu kwamba kabla ya yote atawauliza kwa nini kijitabu cha wagombea hakikuja kwa lugha anayoisoma, na kwamba hataondoka kwenye kikao mpaka ajibiwe.